Msaada: mkono ukipita usawa wa bega, maka za kwenye kombe la bega zinanidanganya

Mwanabega

Wakuu habari zenu. Niende moja kwa moja kwenye mada. Niko kwenye utafiti wa bega, nalinganisha watu wenye maumivu ya bega na watu wasio na maumivu, na ninachotaka kujua ni kombe la bega linazungukaje mtu akinyanyua mkono. Labu tuna kamera nane za infraredi, hizohizo wenzangu wanapimia kutembea na kuruka, na kwenye miguu zinapiga kazi safi hakuna anayelalamika.

Sasa mi nimebandika maka tatu (vile vidude kamera inavyovifuata) kwenye kombe. Moja kwenye kona ya nyuma ya akromioni (ile ncha ya kombe iliyo juu ya bega), moja pale tuta la kombe (ule ukingo unaokatiza nyuma ya kombe) linapoanzia upande wa uti wa mgongo, na ya tatu kwenye pembe ya chini kabisa. Mkono ukiwa umening'inia pembetatu inakaa vizuri kwenye skrini, raha tupu. Mtu akinyanyua mpaka kama digrii 60 bado unaweza ukaiamini. Akipita hapo ile maka ya chini inabaki palepale, na mkono ukifika 140 programu inaniambia eti kombe limezunguka kwenda juu digrii ishirini na kitu tu. Kuna mshiriki mmoja mwembamba naona kabisa kwa macho kona ya mfupa imeshahamia ubavuni huko na maka imeachwa nyuma.

Mwenzangu mmoja anasema niongeze kamera, mwingine anasema ninunue maka ndogo zaidi. Kabla sijaanza kuhamisha stendi za watu naomba wenye uzoefu mnisaidie, tatizo ni kamera kweli? Na kama si kamera, hii kitu inapimwaje bila kumtoboa mtu mfupa?

Fundi_Viungo

Kamera hazina kosa mkuu, ziache zilivyo. Kamera inaiona maka, na maka iko kwenye ngozi. Kosa liko kati ya ngozi na mfupa.

Fanya hivi, chukua mwenzako mmoja hapo labu, avue shati, weka kidole gumba kwenye ile pembe ya chini ya kombe halafu mwambie anyanyue mkono taratibu. Utausikia mfupa unatoka chini ya kidole chako unaelekea kwapani, na kidole kimebaki kwenye ngozi ileile. Si milimita hizo, ni sentimita kadhaa. Kombe ni mfupa bapa umelala juu ya mbavu, misuli juu misuli chini, na kiungo cha mfupa kwa mfupa kinachoufunga na kiwiliwili ni kwa kupitia mtulinga tu kule mbele. Kwa hiyo unateleza unavyotaka na ngozi ya mgongo haiufuati. Kupima kombe kwa maka za ngozi pale chini ni sawa na kutaka kujua mtu kalalaje kwa kuangalia maua ya blanketi. Ukiongeza kamera hata ishirini utapata maua yaleyale kwa usahihi zaidi.

Wanachofanya watu wengi ni klasta ya akromioni. Yaani unachukua kibati kidogo cha plastiki chepesi chenye maka tatu (zisiwe kwenye mstari mmoja), unakibandika juu ya akromioni, maana pale ndo sehemu pekee ya kombe ambayo nyama ni kidogo na ngozi haikimbii sana. Hizo maka tatu hazikuambii kombe liko wapi, zinakuambia tu kibati kimegeukaje. Ili ujue kombe liko wapi unafanya kalibresheni: mtu anasimama mkono chini, wewe unapapasa alama za mfupa moja moja, unagusa kila moja kwa ncha ya fimbo yenye maka ambayo umbali wake mpaka ncha unajulikana, unarekodi. Programu inahifadhi kila alama ilikuwa wapi ukilinganisha na kibati. Kuanzia hapo kibati kikisogea alama zote zinasogea nacho kana kwamba zimefungwa pamoja, huhitaji tena kitu chochote kwenye pembe ya chini. Njia hii ya kugusa na fimbo ilienezwa na Cappozzo na wenzake kwenye miaka ya 90, kwa ajili ya miguu kwanza, kwa hiyo programu yenu karibu hakika inaiweza tayari.

Wapi pa kubandika sasa, hapa ndo wengi wanaharibu. Wanaweka kwa mbele au pembeni kabisa mwa bega kwa sababu pako bapa na pazuri. Mkono ukipanda msuli wa deltoidi (ule unaofunika bega) unavimba na kukisukuma kibati. Rudi nyuma kidogo, pale tuta la kombe linapokutana na akromioni, Shaheen na wenzake walilinganisha sehemu mbalimbali mwaka 2011 na hapo ndo pakatoka pazuri zaidi. Papase mkono ukiwa juu pia kabla hujabandika, kama deltoidi inagusa mguu wa kibati basi sogeza.

kipimo_sahihi

Fundi kasema yote ila kuna jambo hajalitaja na ndo litakukwamisha kwenye utetezi wa kazi yako. Hiyo klasta nayo ina mwisho wake.

Karduna na wenzake 2001 waliweka pini za chuma ndani ya mfupa wa kombe (ndio, kwa watu hai, kwa ridhaa yao na ganzi) halafu wakalinganisha na kisensa kilichobandikwa juu ya akromioni. Walitumia vifaa vya sumaku sio kamera, lakini ngozi ni ngozi. Ikaonekana mkono ukiwa chini ya digrii 120 makosa yanavumilika, ukipita hapo yanakua haraka. Van Andel na wenzake 2009 wakajaribu klasta yenyewe ya kamera wakawa wakali zaidi, wakasema isitumike juu ya digrii 100. Sasa wewe unataka 140. Kwa kalibresheni moja tu ya mkono chini hupati hiyo, unapata namba zinazoonekana nzuri kwenye grafu, mstari laini kabisa, na ziko chini ya ukweli.

Una njia mbili. Ya kwanza ishie 100 au 120 na useme hivyo wazi kwenye ripoti. Hakuna aibu. Maumivu mengi ya bega yanauma sana kati ya 60 na 120 hivyo hujapoteza kitu kikubwa. Ya pili ni kalibresheni mbili, Brochard na wenzake 2011. Unagusa alama zilezile mkono ukiwa chini, unagusa tena mkono ukiwa juu kabisa, na kwa kila fremu katikati unachanganya hizo mbili kulingana na mkono umefika digrii ngapi. Mkono ukiwa nusu ya safari unachukua nusu kwa nusu. Hesabu yake ni ya kawaida tu na makosa ya kule juu yanapungua sana.

Na uwe na namba za kujikagulia. McClure na wenzake 2001, pini za mfupa pia, walipata kwamba mtu akinyanyua mkono mpaka mwisho kombe linazunguka kwenda juu kama digrii 50, linainama kurudi nyuma kama 30, na kugeuka kwenda nje kama 24. Hizo ni wastani, watu wanatofautiana sana hasa kwenye kugeuka nje, lakini ukiona 20 na kitu kwenye mkono wa 140 ujue hapo kuna jambo. Hata ile kanuni ya zamani ya Inman ya 1944, kwamba kila digrii mbili za mkono kwenye tundu la bega kombe linatoa moja, kwa 140 inakupa kama 45 hivi. Kanuni yenyewe ni ya jumla mno, mwanzoni mwa mwendo haishiki vizuri, ila kwa kujikagua inatosha.

Mwanabega

Asanteni sana wakuu, hapa nimeshaanza kuona mwanga. Nina maswali ya vitendo zaidi maana makala zinasema tu "alama zilipapaswa" basi. Kwanza hiyo kalibresheni ya mkono juu, unapapasaje pembe ya chini wakati misuli yote imekaza? Mi nikijaribu kwa mtu mwenye mgongo mpana nagusa nyama tupu. Pili washiriki wanawake na mavazi. Tatu maka mbili kati ya tatu za klasta zinapotea mkono ukifika juu, sasa hiyo si kamera jamani?

DadaLabu

Nianze na la tatu: ndio, hapo ni kamera, ila si idadi, ni zilipokaa. Kamera zilizopangwa kwa ajili ya kutembea zinaangalia miguu na kiuno kutoka pande zote kwa urefu wa kati. Klasta ya akromioni inaangalia juu na nyuma, na mkono ukipanda unasimama kama ukuta kati yake na kamera za pembeni, kichwa nacho kinaziba upande wa pili. Chukua kamera tatu hivi uzipandishe juu kabisa nyuma ya mtu, zikimtazama chini mabegani, moja iwe katikati na mbili kushoto na kulia kidogo. Zipunguzie eneo, huhitaji chumba kizima, huyo mtu amesimama au ameketi sehemu moja. Baada ya kuzihamisha kalibre upya eneo dogo tu linalomzunguka yeye. Maka za klasta ziwe ndogo kidogo kuliko za kutembea na zikae mbali mbali kiasi, zikikaribiana sana programu inazichanganya majina, halafu unakaa usiku mzima unarekebisha fremu kwa fremu. Mashina mafupi yanasaidia zisizibwe na deltoidi. Lakini yasiwe marefu mpaka yatikisike.

Nywele ndefu zifungwe juu kabisa, sio mkia wa farasi unaoangukia bega.

Mavazi: wanawake nawapa kile kivazi cha juu kisicho na mikanda ya bega, kinakaa kifuani kwa elastiki, mgongo wote wa juu unabaki wazi. Kama mshiriki anapendelea, mtafiti anayepapasa awe mwanamke, na hilo uliandike kwenye fomu ya ridhaa kabisa asije akashtuka siku yenyewe. Mkanda wa sidiria ya kawaida hautufai, unapita juu ya tuta la kombe, na ule wa nyuma unafunika pingili ya 8 ya kifua ambayo unaihitaji kwa ajili ya kiwiliwili. Gundi ya pande mbili ile ya kubandikia nywele za bandia inashika kuliko zile za ofisini, ila futa ngozi kwa spiriti kwanza na umwambie asipake mafuta siku hiyo. Jasho likianza gundi inaachia upande mmoja tu na hutaona kwa macho, utaona kwenye data. Ndo maana namalizia kila mshiriki kwa kurudia pozi la mkono chini, nikilinganisha na la mwanzo. Kama kibati kimehama naona palepale, namkalibre upya kabla hajavaa shati.

Kupapasa mkono ukiwa juu sasa. Usianzie nyuma. Mkono ukipanda ile pembe ya chini inatoka kwenye mstari wa mgongo inaenda upande wa ubavu, karibu na mstari wa kwapa, chini ya lile pazia la msuli mpana wa mgongo. Mwambie mtu aegemeze mkono kwenye stendi au fito iliyofungwa, urefu uleule unaoutaka, ili misuli ilegee. Mtu akiushikilia mkono mwenyewe hewani huwezi kusikia kitu. Halafu weka gumba kwa chini, vidole vingine juu, bana taratibu kama unabinya kona ya kitabu ndani ya begi. Mwambie aushushe mkono kidogo sana na kuurudisha, kile kinachosogea chini ya gumba ndo mfupa, kisichosogea ni ubavu. Ukishakipata usitoe mkono, fimbo ije ikute kidole hapohapo.

Mtu mnene au mwenye misuli mikubwa sana, kuna wakati haipatikani na ukilazimisha utaweka fimbo kwenye ubavu. Huyo mpime mpaka 100 kwa kalibresheni moja, au mwondoe, lakini amua kigezo kabla hujaona data yake.

Na apapase mtu mmoja kwa washiriki wote, tafadhali. Wawili wakipokezana utakuwa unapima tofauti ya vidole vyao.

Mzee wa Matriksi

Naona mmemaliza ya ngozi, mi nina la upande wa hesabu maana hapo ndo namba zinageuka vituko hata kama labu mmefanya kila kitu sawa.

Fuata mapendekezo ya ISB (chama cha kimataifa cha biomekanika) ya mwaka 2005, Wu na wenzake, ili namba zako zilinganishike na za wengine. Kwenye kombe alama ni tatu unazozijua, na chimbuko (nukta mihimili inapoanzia) ni kona ya nyuma ya akromioni, sio kiungo cha mtulinga na akromioni kama ilivyokuwa zamani. Makala za kabla ya hapo zinatumia hicho kiungo, namba zake zinapishana na zako bila mtu kukosea, usije ukalinganisha kichwa kichwa. Mhimili wa Z unatoka mwanzo wa tuta kwenda kona ya akromioni, X unachomoza mbele kwenye bapa la zile alama tatu, Y unaelekea juu. Kiwiliwili ni pingili ya 7 ya shingo, ya 8 ya kifua, kile kishimo cha juu ya mfupa wa kidari na ncha yake ya chini. Mzunguko wa kombe kwa kiwiliwili unasoma kwa mfuatano wa Y, X, Z. Ukibadilisha mfuatano unapata namba nyingine kabisa kutoka mwendo uleule, na hakuna kitakachokuonya.

Kuzunguka kwenda juu kwa mpangilio huo kunatoka HASI. Usipaniki. Geuza hasi iwe chanya kwenye grafu ukitaka, ila useme.

Bega la kushoto: geuza Z ya kila maka iwe hasi tangu kwenye data ghafi, kabla hujajenga mihimili. Halafu fanya kila kitu kama vile ni la kulia. Wanaogeuza mwishoni kwenye digrii wanageuza moja wanasahau nyingine.

Kituo cha kichwa cha mfupa wa mkono hukipapasi, kiko ndani. Mwambie mtu azungushe mkono mizunguko midogo midogo na programu itafute nukta isiyosogea, au tumia hesabu ya Meskers ya 1998 inayokikadiria kutoka alama za kombe. Mizunguko iwe midogo, chini ya usawa wa bega, ukienda mikubwa kombe nalo linasafiri na unarudi kwenye tatizo lilelile.

Mwisho, usichore kombe dhidi ya muda. Chora dhidi ya digrii za mkono kwa kiwiliwili, na kupanda kando, kushuka kando. Ukichanganya kupanda na kushuka kwenye wastani mmoja unaifuta tofauti ambayo huenda ndo uliyoijia, maana wenye shida ya kombe mara nyingi wanaonekana zaidi wakati wa kushusha.

kipimo_sahihi

Naongezea kwa Mzee. Mwanabega, tofauti kati ya wenye maumivu na wazima zinazoripotiwa ni digrii chache tu, mara nyingi chini ya 10. Makosa ya klasta kule juu yanaweza kuwa makubwa kama hizo tofauti zenyewe. Kwa hiyo kabla ya washiriki wa kweli chukua watu wachache wasio na maumivu, wapime, bandua kila kitu, wapime tena siku nyingine, ujue namba zako zinacheza kiasi gani kwa mtu yuleyule. Kama zinacheza sana kuliko tofauti unayoitafuta, rekebisha protokali kwanza, usianze kuita wagonjwa.

mpitaji

Swali la mjinga, kwanini msitumie eksirei za video tu, zile mbili za kukatizana? Si zinaona mfupa wenyewe.

Fundi_Viungo

@mpitaji si swali la mjinga, na zinaona kweli, usahihi wake ni wa milimita au chini ya hapo, ndo kipimo ambacho vingine vinapimiwa siku hizi. Ila mionzi, bei, na dirisha la kuonea ni dogo, mtu akisogea kidogo ametoka. Kwa utafiti wa watu wengi wanaorudia rudia mwendo, kamera bado.

Mwanabega

Nimeelewa. La mwisho na siwasumbui tena: msimamizi wangu anataka niongeze kundi la wachezaji, wakirusha mpira kwa nguvu. Klasta ileile naweza?

DadaLabu

Hapana. Klasta imethibitishwa kwenye miendo ya polepole, kunyanyua na kushusha. Kwenye kurusha kwa nguvu kibati chenyewe kinatikisika, deltoidi inapiga, na mkono unageuka nje kwa kasi kubwa kuliko ngozi inavyoweza kufuata. Kwenye mkono wao utapata data nzuri ya kiwiko na kiwiliwili, kombe lao hapana. Mwambie msimamizi wachezaji wanyanyue mkono taratibu kama wengine, wapimwe kabla ya mazoezi na baada ya kuchoka, hapo utakuwa na kitu cha kuandika.

Mzee wa Matriksi

Na akisisitiza kurusha, mwambie achore grafu ya umbali kati ya maka tatu za klasta zenyewe wakati wa kurusha. Zikibadilika hata milimita chache ujue kibati kinapinda au programu imechanganya majina ya maka. Zisipobadilika bado hujathibitisha kitu maana kibati kizima kinaweza kuwa kinaelea juu ya ngozi, ila angalau mtakuwa mnabishana juu ya ngozi na sio juu ya plastiki.